Chonge Ikiota Mahali pa Gego: Kuyarudisha Meno au Kuyaacha?

Hesabu meno ya juu kuanzia katikati ya mdomo kwenda upande mmoja. La kwanza na la pili ni meno ya mbele, la tatu ni chonge, lile lenye ncha, na la nne ni gego dogo la kwanza, lenye vilele viwili. Kwa watu wachache mpangilio huo hugeuka: gego dogo linakaa la tatu, chonge inakuwa ya nne. Hakuna jino lililooza wala lililopungua, na mtoto anatafuna kama kawaida. Mzazi anaona tu kwamba jino lenye ncha limeota nyuma sana, au limechomoza juu ya ufizi upande wa shavu huku gego likiwa limeshatangulia kushika nafasi.

Swali la kwanza kliniki huwa ni hili: daktari, yanaweza kurudishwa kila moja mahali pake? Mara nyingi jibu ni ndiyo, yanaweza. Kama yanapaswa kurudishwa ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea njia. Msimamo wangu niuseme mapema: meno yaliyobadilishana kikamilifu, hadi mizizi, mara nyingi ni afadhali yapangwe vizuri yakiwa palepale yalipo kuliko kuyalazimisha yarudi. Sababu zake ni za kimwili, zinaonekana kwenye picha, na mzazi anaweza kuzielewa bila kusomea udaktari.

Tuanze na namba, maana zitakuwa kwenye barua ya rufaa. Madaktari wa meno hulitambua kila jino kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni robo ya mdomo: 1 ni juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili ni hesabu ya jino kutoka katikati. Kwa hiyo 13 ni chonge ya juu kulia, 14 ni gego dogo linaloifuata. Namba ni ya jino lenyewe wala si ya kiti linachokalia; chonge ikihamia nafasi ya nne inaendelea kuitwa 13. Ukipewa ile picha kubwa ya eksirei inayoonyesha taya zote mbili, OPG, kumbuka kuwa upande wa kulia wa mtoto uko mkono wako wa kushoto, kama vile amesimama mkitazamana. Chonge utaitambua kwa mzizi wake, mmoja na mrefu kupita wa meno mengine yote. Gego dogo la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi miwili mifupi zaidi, mmoja upande wa shavu na mwingine upande wa kaakaa, ingawa kwenye OPG hufunikana na kuonekana kama mmoja.

Hali hii ni adimu. Uchambuzi uliojumlisha tafiti mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2010 ulikadiria kuwa inampata asilimia 0.33 ya watu, yaani watoto kama watatu katika shule ya wanafunzi 1,000. Taya la juu huathirika zaidi kuliko la chini, na upande mmoja zaidi kuliko pande zote mbili. Mwaka 1995 watafiti Sheldon Peck na Leena Peck walikusanya visa 201 vya taya la juu vilivyokuwa vimeripotiwa. Asilimia 71 vilikuwa vya chonge kubadilishana na gego dogo la kwanza, na asilimia 20 vya chonge kubadilishana na jino la mbele la pembeni, yaani la pili kutoka katikati. Aina nyingine zilizobaki ni chache mno, hata daktari anaweza kustaafu bila kuziona.

Wala si jambo la watoto wa leo na vyakula vyao laini, kama wengine wanavyopenda kusema. Watafiti wamelikuta kwenye mafuvu ya kale ya wenyeji wa visiwa vya Channel, pwani ya California, na katika makaburi ya Harappa, mji wa kale katika nchi ambayo sasa ni Pakistani. Kule visiwani lilijitokeza mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa, jambo linaloelekeza kidole kwenye damu ya ukoo: jamii ndogo, watu wanaooana wao kwa wao, tabia ileile ya meno ikarudi kizazi baada ya kizazi. Kliniki nako dalili za urithi zipo. Mtoto mwenye chonge na gego vilivyobadilishana mara nyingi ana upungufu mwingine pia. Pengine jino fulani halikuumbika kabisa, au jino la mbele la pembeni limetoka dogo, jembamba kama kijiti. Ndiyo maana daktari makini akishaona kasoro hii huanza kuhesabu meno yote upya.

Si kila kisa kinatokana na urithi, hata hivyo. Chonge ikibadilishana na jino la mbele, daktari atauliza kama mtoto aliwahi kuanguka akaumiza meno ya utoto, kwa kuwa pigo kwenye jino la utoto linaweza kuisogeza mbegu ya jino la ukubwani iliyolala juu yake. Na hapa Afrika Mashariki kuna swali jingine ambalo halipatikani katika vitabu vingi vya Ulaya: je, mtoto alitolewa "meno ya plastiki"? Mtoto mchanga anapata homa na kuharisha, ufizi unaonekana umevimba mahali chonge ya utoto itakapotokea, na mtu anaichokoa ile mbegu laini kwa chombo chochote chenye ncha akidai ndiyo inayomuua. Iliyotolewa ni chonge changa ya utoto, na jirani yake kuna mbegu ya chonge ya ukubwani, ambayo hujeruhiwa, hupotea kabisa au husogezwa. Miaka kumi baadaye mtoto anaketi kwenye kiti cha daktari na jino limekosekana au limetokea kusikoeleweka, na hakuna anayekumbuka kuvihusisha vitu hivyo viwili. Kama ilifanyika, mwambieni daktari. Hakuna wa kumhukumu mtu pale. Anachotaka ni kuelewa picha aliyonayo mkononi.

Sasa tuje kwenye kiini, yaani mizizi.

Tunachokiona mdomoni ni taji tu. Sehemu kubwa ya chonge imo ndani ya mfupa, na mzizi wake ndio unaoamua tiba. Kuna watoto ambao mataji yamepishana lakini ncha za mizizi bado ziko kila moja kwake. Meno yameinama tu, moja limelala juu ya jingine. Hayo ni mabadilishano yasiyo kamili. Kwa hao, kuyarudisha kunawezekana na kwa kawaida kunafaa, kwani kazi ni kuyainua na kuyanyoosha. Kwa wengine jino zima limehama, taji na mzizi. Kuyarudisha hayo ni kutaka mizizi miwili ipishane ndani ya ukuta mwembamba wa mfupa.

Ili kujua ni lipi kati ya hayo, OPG peke yake haitoshi, kwa kuwa ni picha bapa na haionyeshi lipi liko mbele na lipi nyuma. Daktari anaweza kupiga picha ndogo mbili za eneo hilo akiwa amesogeza mashine kidogo kati ya moja na nyingine: jino lililo upande wa kaakaa huonekana kufuata mashine ilikokwenda, na lililo upande wa shavu huonekana kukimbilia upande wa pili. Penye CT ya meno, eksirei inayoonyesha taya kwa pande zote tatu, jibu hupatikana moja kwa moja, pamoja na unene wa mfupa na kama mzizi wowote umeanza kuliwa na jino jirani. Kipimo hicho kina gharama na mionzi zaidi ya picha ya kawaida, lakini kama kuna hali ambayo kinastahili, ni hii.

Tuchukue mfano. Neema, tumwite hivyo, ana miaka 12. Upande wa kulia gego dogo limeshakaa la tatu, na chonge inachungulia juu ya ufizi kati ya gego hilo na gego dogo la pili. Chonge yake ya utoto ingali hapo, imebanwa. Picha zinaonyesha mizizi imepishana kabisa. Meno hayakubanana, nafasi ipo. Daktari wa kupanga meno ana njia tatu mbele yake.

Ya kwanza ni kurudisha mpangilio. Waya zinalisukuma gego kuelekea kaakaani ili lipishe njia. Chonge inavutwa mbele ikipitia upande wa shavu, ikishapita gego linarudishwa nje, nyuma yake. Kwenye karatasi inapendeza. Mdomoni, mfupa wa upande wa shavu ni mwembamba, na chonge ndiyo yenye mzizi mnene. Ikisukumwa sana nje, mfupa unaoifunika unaweza kuisha na ufizi ukapanda, jino likaonekana refu, shingo yake wazi, likisisimka kwa maji baridi. Mizizi ikigusana wakati wa kupishana, mmoja unaweza kuliwa ukafupika. Gego nalo likiwa kaakaani linagongwa na meno ya chini kila mtoto anapouma. Tiba ya kawaida ya waya huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Hii inaweza kufika mitatu au kupita.

Ya pili ni kung'oa. Kama meno yangekuwa yamebanana na kulikuwa na haja ya kutoa gego dogo hata hivyo, tatizo lingejimaliza: gego la 14 linatoka, chonge inasogea mbele, na tangu hapo ni tiba ya kila siku. Lakini Neema ana nafasi. Kumng'oa jino zima ili hesabu tu iwe sawa ni bei kubwa. Na niseme hili kwa sababu hutokea: kung'oa chonge kwa kuwa ndiyo "iliyoota vibaya" ni kosa ambalo halirudishiki. Jino lenye mzizi imara kuliko yote halitolewi kwa haraka na mtu ambaye hajapiga picha.

Ya tatu ni kuyapanga yakiwa yamebadilishana. Chonge ya utoto inatolewa, chonge ya ukubwani inaletwa chini mahali ilipo, la nne, na gego linabaki la tatu likivaa sura ya chonge. Hapa ufundi unahitajika kuliko watu wanavyodhani. Gego ni fupi kuliko chonge na ncha yake ni butu. Kilele chake cha ndani hugonga meno ya chini taya linapokwenda upande, kwa hiyo husagwa kidogo kidogo katika mahudhurio kadhaa, maana kikisagwa pupa jino linaanza kusisimka. Daktari huligeuza gego kidogo ili uso wake wa nje uonekane mpana na kilele cha ndani kijifiche. Kisha kuna ufizi: ukingo wa ufizi juu ya chonge hukaa juu kuliko ule wa gego, na jicho la mtu huona tofauti hiyo bila kujua limeona nini. Dawa yake ni kulisukuma gego juu kwa waya, ufizi ukapanda nalo, halafu chini likaongezwa urefu na ncha kwa resini ya rangi ya jino. Chonge iliyoko nyuma nayo hupunguzwa ncha. Haina kilele cha ndani cha kutafunia, lakini mwanya wa kuuma unaobaki ni mdogo.

Wengine watauliza: chonge si ndiyo inayoongoza taya linapokwenda pembeni? Ni kweli, ikiwa mahali pake huubeba mzigo huo na kuyaepusha meno ya nyuma. Gego likiwa pale, kazi hiyo hugawanywa kwa meno kadhaa ya upande huo, na watu wengi wenye meno ya kawaida kabisa huuma hivyohivyo. Sababu hiyo peke yake hainishawishi kupitisha mzizi ndani ya mzizi.

"Kwa hiyo daktari," mama yake Neema anauliza, "nilipie waya miaka miwili halafu meno yabaki yamebadilishana vilevile?"

"Yatabaki yamebadilishana, mama, ila yatakuwa kwenye mstari. Asiyekaa kuyahesabu hatajua."

Majibu hayo huwa magumu kumeza, na namwelewa mama. Picha za "kabla na baada" mitandaoni zimetuzoesha kuamini kwamba kila kitu kinarudi kinapostahili. Picha hizo huonyesha mataji tu. Hazionyeshi mzizi uliofupika wala ufizi utakaopanda mtoto akifika miaka thelathini.

Mizani ingeegemea upande mwingine kama Neema angekuwa na miaka kumi, chonge ikiwa bado juu, upande wa shavu, na mzizi wake haujakamilika wala haujalipita gego. Hapo kuirudisha kunawezekana kwa hatari ndogo zaidi, hasa ikiwa daktari ana skrubu ndogo za kushikilia kwenye mfupa ili kuvuta jino moja bila kuyaburuta mengine. Tabasamu lina uzito wake pia. Mtu ambaye akicheka ufizi wote unaonekana atabaini tofauti ya ufizi wa gego na chonge. Ambaye mdomo wake unaufunika hatabaini. Daktari akimwambia mtoto "hebu cheka sana," anafanya kipimo.

Kisha kuna jambo ambalo mara nyingi haliandikwi kwenye faili, nalo ni nauli. Madaktari wa kupanga meno ni wachache katika nchi zetu, na wengi wako miji mikubwa. Waya zinahitaji kukazwa kila baada ya wiki nne hadi nane. Familia inayotoka Kigoma kwenda Dar es Salaam, au Lodwar kwenda Nairobi, ifanye hesabu hiyo mapema na iiseme mbele ya daktari bila aibu, kwa sababu njia ya kurudisha mpangilio haivumilii kukatishwa. Tiba ya kuyapanga yalivyo ikikatika katikati, mtoto anabaki na meno yaliyonyooka nusu. Ya kuyarudisha ikikatika, gego linaweza kubaki kaakaani na chonge ikiwa imeng'ang'ania nje ya mstari, hali mbaya kuliko alivyokuja. Kwangu mimi, familia isiyo na uhakika wa miaka mitatu ya mahudhurio imeshapata nusu ya jibu.

Aina ya pili, chonge kubadilishana na jino la mbele la pembeni, ina ugumu wa sura zaidi. Chonge inakaa kando ya jino la mbele la kati, ikiwa pana, nene na ya manjano kidogo kuliko jirani yake. Ikiachwa pale husagwa kuwa bapa, huongezwa resini pembeni, na rangi hupaushwa ikibidi. Hatari ya kuangaliwa kwa karibu ni mzizi wa lile jino la pembeni: ni mwembamba, na chonge inayousukuma inaweza kuula hadi jino lianze kucheza. Mzizi ukishaliwa sana, swali la mpangilio hupungua uzito na jipya linakuja: jino lipi litaishi muda mrefu zaidi?

Taya la chini lina habari yake, na hapo kuwahi ndiko kunakolipa kuliko popote. Jino la mbele la pembeni, ambalo hutoka mtoto akiwa na miaka 7 au 8, hulala kuelekea nyuma na kutokea mahali pa chonge ya utoto. Chonge ya ukubwani ya chini hutoka miaka 9 hadi 10, hivyo kuna miaka miwili hivi ya kufanya kitu. Akipatikana mapema, hutolewa chonge ya utoto, jino lililolala likainuliwa na kurudishwa mbele kwa kifaa chepesi kabla chonge haijapanda na kufunga njia. Muda huo ukipita, yanayobaki ni kuyapanga yalivyo au kutoa moja. Mzazi akiona jino jipya la chini limetoka limepinda, liko mbali na wenzake, asingoje meno yote yamalizike kutoka kama tunavyoambiana mitaani.

Kwa meno ya juu, umri wa kuchunguza ni miaka 9 hadi 10, kabla chonge hazijatoka, kwa kuwa kwa kawaida hutoka miaka 11 hadi 12. Chonge ya juu husafiri mbali. Kati ya miaka 5 na 15 hutembea kama milimita 22 ndani ya mfupa, na safari ndefu ina nafasi nyingi za kupotea. Osha mikono, nyanyua mdomo wa juu wa mtoto, pitisha kidole kwenye ufizi wa nje juu ya chonge ya utoto. Panapaswa kuwa na uvimbe mgumu kila upande. Ukiupata upande mmoja tu, au ukaukuta nyuma zaidi, juu ya magego, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuomba picha.

Mkishaamua kuyaacha yalivyobadilishana, omba maelezo hayo kwa maandishi pamoja na nakala ya picha, vikae na kadi za mtoto. Gego lililosagwa na kuongezwa resini linafanana na chonge kiasi cha kumchanganya daktari mwingine. Miaka ishirini baadaye mtu huyo anaweza kuumwa jino katika mji mwingine, rufaa ikasema 14 ling'olewe, na daktari asiyemfahamu akahesabu kutoka katikati, moja, mbili, tatu, nne, akaweka koleo kwenye chonge nzima.